Hema Namba Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kulala vibaya kwa mshahara.
Nakabidhiwa hema jipya, mfuko wa kulalia, jiko la gesi,
napandishwa nyanda za Hardangervidda mvua ikinukia,
nami hushuka na orodha ya maumivu:
hapa panavuja, hapa panakwaruza,
zipu hii huuma ndevu.

Safari hii nilifuatana na Gudveig,
mshonaji wetu, miaka thelathini na mmoja mbele ya cherehani ileile,
na hajapata kulala hemani hata usiku mmoja.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na yeye kashona vitanda elfu.

Mwisho wa Agosti. Saa tano za kutembea
juu ya mawe yaliyoota kuvu ya kijivu.
Sufuria aliishika mkononi, hakuiamini shanta.
Kila tulipokuta forosadi za kinamasi, zile za rangi ya kaharabu,
alichuchumaa akala, akanibakishia moja,
vidole vikimnata kama vya mtoto aliyeiba asali.

Mambo zilikuwa kumi na sita,
za chuma, mambo za hema,
si yale mengine ambayo kila mtu huja nayo porini
bila kuyapima.
Nilipigilia kumi na tano. Udongo wa kule
ni ngozi tu juu ya jiwe.
Ya kumi na sita ikapinda.
Gudveig akaitupa, akaifunga kamba kwenye jiwe
lenye ukubwa wa kondoo aliyelala,
kwa fundo alilofundishwa la kufungia ndama.

Saa saba usiku upepo ukafika.
Haukuvuma. Ulisukuma,
kama mtu mnene apitaye katikati ya viti vya sinema.
Turubai likabonyea, likavimba, likabonyea,
tukawa tumelala ndani ya pafu la mnyama.
Kwa mwanga wa tochi ya kichwani nikaandika:
Nguzo ya kati, inastahimili.

Kisha tone.
Lilimpata Gudveig katikati ya paji la uso.
La pili. Akaketi.
Akaniambia nizime tochi, akaupapasa mshono wa nyuma
pole pole, kama asomaye maandishi ya vipofu,
akafika mahali, kidole kikatulia.

"Hapa niliinua kichwa," akasema gizani.
"Mwezi wa pili. Theluji ilianguka kutoka paani,
nikadhani ni hodi."

Sindano iliruka nafasi tatu.
Alikuwa akimngoja nani, sikumuuliza.
Tukategesha kikombe chini ya mwezi wake wa pili,
haba na haba,
nikapitiwa na usingizi nikiyahesabu.

Alfajiri kikombe kilikuwa kimejaa.
Akayachemsha yale maji, akatia kahawa,
tukanywa kosa lake likiwa la moto
na lilikuwa tamu, naapa, kuliko kahawa yoyote ya kantini.
Ng'ambo ya ziwa dogo kulungu wa baridi walikuwa wakivuka,
mia, labda zaidi, msitu wa pembe unaohama.
Aliwatazama mpaka wa mwisho akajikung'uta maji.
Kahawa ikapoa mkononi mwake.

Halafu akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti,
uzi aliokwisha kuupaka nta,
akaziba zile nafasi tatu kwa mkono,
akaukata uzi kwa meno.
"Sasa sharti tujaribu tena."
Akayaangalia mawingu kama mwenye njaa aangaliavyo chungu.

Mvua haikuja.
Usiku wa pili, nyota. Wa tatu, nyota na barafu nyembamba kwenye sufuria.
Kwale wakakoroma vichakani kama vyura wazee.
Mkate ulikwisha, tukala forosadi asubuhi na jioni,
na karakana ikapiga simu, na simu ilikuwa imezimika,
au niliizima, sikumbuki.

Kwenye ripoti niliandika:
Mshono wa nyuma, upande wa kaskazini,
bado haujathibitika.
Tunaomba ruhusa ya kurudi.